Jasho Lisilo na Joto

Wapo wakazi wa Bunia wanaolowa viganja hata asubuhi ya baridi. Huo ni ugonjwa, unatibika, na hatua ya kwanza ya tiba yake haihitaji ndege wala hospitali kubwa.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, watu wa mtaa wa Rwambuzi hutoka nyumbani wakiwa wamevaa sweta. Mji wa Bunia umekaa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa kiasi cha kumfanya mtu avute blanketi. Ukiteremka hadi Kasenyi, kwenye ufuko wa Ziwa Albert ambako mwinuko ni kama mita 620 tu, joto hukulowesha shati ukiwa umekaa kivulini, na hakuna anayemshangaa mwenzake. Bunia ni habari nyingine. Mtu anayedondosha jasho viganjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sweta likiwa mwilini, hutazamwa mkono kabla ya kutazamwa uso.

Watu wa namna hii wapo, ingawa wengi wamejifunza kujificha. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa hutandika kitambaa chini ya kiganja kila anapoandika. Bila kitambaa hicho karatasi hulegea, pembe zake hujikunja, na wino hutawanyika hadi herufi zikaingiliana. Akiibana kalamu ili isiteleze, kiganja huzidi kulowa. Fundi cherehani huacha madoa kwenye kitambaa cheupe cha harusi ya watu. Mwendesha pikipiki huzungushia usukani tambara ili mkono usimponyoke kwenye utelezi. Mbele ya mashine ya alama za vidole, kidole kilicholowa hufutwa, hurudishwa na hufutwa tena, na foleni nyuma yake inanung'unika.

Na kwetu salamu ni mkono. Kanisani baada ya ibada, msibani, kwenye mlango wa ofisi, mkono hutangulia neno. Anayejua kiganja chake kimelowa huanza kukifuta kwenye suruali akiwa bado hatua kumi mbali, au hukunja ngumi na kutoa kifundo cha mkono, na mwenzake hudhani anadharauliwa. Mei 2021 jimbo letu la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kwenye vizuizi vya barabarani jasho lina hatari nyingine. Mkono unaotoa kitambulisho huku ukidondosha maji huweza kusomwa kuwa mkono wa mtu mwenye hofu, na hofu ikasomwa kuwa hatia.

Makala haya yana jambo moja la kusema. Jasho la aina hiyo si tabia, si uchafu wala laana. Ni ugonjwa wenye tiba, tiba hiyo ina mpangilio wake, na hatua zake za chini ziko ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida wa Bunia.

Tezi ni nzima, amri imezidi

Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi kati ya hizo hutoa maji ya chumvi yanayoupoza mwili, na zimesongamana zaidi kwenye viganja, nyayo, paji la uso na makwapa. Aina ya pili hukaa makwapani na kinenani. Hizi hutoa majimaji mazito ambayo bakteria wa ngozi huyageuza kuwa harufu. Ndiyo maana mtu anaweza kulowa viganja mchana kutwa bila kunuka hata kidogo, na mwingine akanuka kwapa ilhali jasho lake ni la kawaida.

Tezi huamrishwa na mishipa ya fahamu isiyosubiri uamuzi wetu, ile ile inayouendesha moyo mbio tunaposhtuka. Kwa mwenye ugonjwa huu, ambao madaktari huuita haipahidrosisi, tezi zenyewe ni nzima na idadi yake ni ile ile ya watu wengine. Kilichozidi ni amri. Jasho hutoka bila joto na bila kazi. Mwenyewe akiliona anaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo unaleta jasho zaidi.

Mchimbaji dhahabu wa Mongbwalu anayelowa mwili mzima akiwa shimoni hana ugonjwa. Mwili wake unafanya kazi yake, naye anahitaji maji ya kunywa na mapumziko. Vigezo ambavyo madaktari wa ngozi wanavitumia tangu mwaka 2004 vinataka jasho linaloonekana kwa macho, lililodumu angalau miezi 6 bila sababu inayojulikana. Kisha yatimie mambo mawili au zaidi kati ya haya: linatoka sawasawa upande wa kulia na wa kushoto, linakwamisha shughuli za kila siku, linatokea angalau mara moja kwa wiki, lilianza kabla ya miaka 25, yupo ndugu wa damu mwenye hali hiyo, na linakoma mtu akilala usingizi.

Hali hii si adimu. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba asilimia 4.8 ya watu wanayo, yaani watu milioni 15 hivi, na karibu nusu yao hawakuwahi kumweleza mhudumu yeyote wa afya. Ikiwa katika nchi yenye madaktari wengi kiasi kile nusu ya wagonjwa wananyamaza, si ajabu kwamba kwetu, ambako foleni ya kituo cha afya imejaa watoto wenye malaria, mtu anaona haya kusema, "Mimi nimekuja kwa sababu ya viganja."

Kwanza ijulikane ni jasho gani

Kabla ya kutafuta dawa yoyote, kuna swali moja la kujibu: je, unalowa ukiwa usingizini? Jasho la viganja na makwapa lililoanza utotoni hupumzika mtu akilala. Jasho linaloamsha mtu usiku wa manane, shuka likiwa limelowa, ni habari tofauti na halifai kupuuzwa.

Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Jasho la usiku, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na kukonda ni dalili zinazotosha kumpeleka mtu akapimwe makohozi, na dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure. Malaria nayo huleta jasho jingi homa inaposhuka baada ya baridi na kutetemeka. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hutokwa na jasho mwili mzima, moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka na uzito hupungua ingawa anakula vizuri. Wanawake wanaokaribia au waliofikia ukomo wa hedhi hupata mawimbi ya joto na jasho, na hilo nalo lina ushauri na tiba yake.

Kuna jasho la dharura pia. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akitokwa ghafla na jasho la baridi huku akitetemeka na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka. Apewe kitu chenye sukari papo hapo maadamu anaweza kumeza, kisha apelekwe hospitali. Jasho la ghafla linaloambatana na maumivu ya kifua halisubiri kesho. Mkulima aliyenyunyiza dawa ya wadudu, kisha akaanza kulowa jasho, kutokwa na mate na kubanwa pumzi, ameingiwa na sumu na anahitaji hospitali mara moja.

Dawa nazo huleta jasho. Tramadoli, inayomezwa ovyo na vijana wengi katika ukanda wetu, ni mojawapo, na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo pia. Kwa hiyo muuguzi akiuliza unameza nini, mtajie kila kitu, hata kile ulichonunua njiani bila karatasi ya daktari.

Jasho likiwa la makwapa na daktari akitaka kujua hasa linatoka wapi, kuna kipimo rahisi alichokieleza daktari Minor mwaka 1928. Ngozi hukaushwa, ikapakwa tincha ya ayodini na kuachwa ikauke, kisha ikanyunyiziwa unga laini wa wanga. Baada ya muda mfupi vitone vyeusi vyenye rangi ya zambarau huanza kujitokeza mahali tezi zinapofanya kazi, vikaungana na kuchora mpaka wa eneo lenye tatizo. Ayodini na wanga ni vitu ambavyo hata zahanati ndogo inaweza kuwa navyo. Mwenye mzio wa ayodini asipimwe hivyo.

Chupa ya usiku

Tiba ya kwanza duniani kote ni ya kupaka: myeyusho wa kloridi ya aluminiamu wa asilimia 15 hadi 20. Chumvi hii ikikutana na jasho ndani ya kijitundu cha tezi hujenga kizibo kidogo kinachozuia jasho kutoka kwa siku kadhaa, hadi ngozi ijifanye upya.

Historia yake ina fundisho. Mwaka 1910 hivi Edna Murphey, binti wa Cincinnati nchini Marekani, alianza kuuza dawa ambayo baba yake, daktari wa upasuaji, aliitengeneza ili viganja vyake visilowe akiwa chumba cha upasuaji. Dawa ile, Odorono, ilikuwa na kloridi ya aluminiamu. Ilizaliwa kuusaidia mkono wa mfanyakazi. Miaka michache baadaye, mwaka 1919, matangazo yake yalianza kuwaambia wanawake kwamba huenda wananuka na hakuna anayethubutu kuwaambia. Mauzo yakapanda, na aibu ikapanda pamoja nayo. Tungali tunaibeba aibu hiyo, wakati kilichostahili kutufikia ni dawa.

Matumizi yake yana kanuni, na wengi wanaoshindwa nayo hushindwa kwa kuzivunja. Hupakwa usiku wakati wa kulala, kwa sababu tezi zinapumzika na kizibo kinapata nafasi ya kushika. Ngozi iwe kavu kabisa, kwani kwenye ngozi mbichi dawa hutengeneza asidi inayowasha na kuchoma. Haipakwi kwenye kwapa lililonyolewa siku hiyo wala kwenye kidonda. Asubuhi huoshwa kwa sabuni. Hurudiwa kila usiku hadi ngozi ikauke, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, kisha mara moja au mbili kwa wiki hutosha. Ikiwasha, punguza siku za kupaka, na mhudumu wa afya anaweza kukuandikia krimu laini ya haidrokotisoni kwa siku chache. Makwapa huitikia vizuri. Viganja na nyayo, zenye ngozi nene, huhitaji uvumilivu zaidi.

Dukani kuna mkanganyiko. Nyingi ya chupa za kwapa zinazouzwa sokoni huficha harufu tu na hazigusi jasho. Zinazozuia jasho zimeandikwa kwa Kifaransa "anti-transpirant", na kwenye orodha ya viambato utaona chumvi ya aluminiamu. Hizo ni dhaifu kuliko myeyusho wa asilimia 20, lakini mwenye tatizo la wastani aanze nazo, azipake usiku. Jiwe la shabu, ambalo wazee wamelitumia makwapani kwa miaka mingi, lina aluminiamu pia na husaidia kidogo. Majani ya chai nayo yana tanini inayobana ngozi: kuloweka viganja au nyayo katika chai nzito iliyopoa kwa dakika 20 hadi 30 ni ushauri wa zamani usio na madhara, isipokuwa ngozi huchukua rangi ya kahawia.

Wapo wanaoogopa kwamba dawa hizi huleta saratani ya matiti. Utafiti uliofanywa haujathibitisha hivyo. Mwenye figo zilizoshindwa kazi ndiye anayepaswa kuuliza daktari kwanza, kwa sababu figo ndizo zinazoondoa aluminiamu mwilini.

Nyayo zina mambo yao. Mtu anayeshinda ndani ya buti za mpira, shambani au machimboni, huweza kuota vishimo vidogo vyeupe kwenye unyayo, vyenye harufu kali. Huletwa na bakteria wanaostawi kwenye ngozi iliyolowa, na marhamu ya kuua bakteria aliyoandika mhudumu wa afya huwaondoa. Lakini watarudi jasho lisipodhibitiwa. Kuwa na jozi mbili za viatu na kuzibadilisha ili kila moja ipate siku ya kukauka, pamoja na soksi za pamba, ni sehemu ya tiba.

Maji yenye umeme, vidonge na sindano

Dawa ya kupaka ikishindwa kwenye viganja na nyayo, hatua inayofuata ni iontoforesi. Mgonjwa hutumbukiza mikono katika trei mbili za maji ya bomba, na mashine hupitisha umeme mdogo sana, kati ya miliampea 15 na 20, kwa dakika 20 hadi 30. Hufanywa mara tatu hivi kwa wiki mpaka viganja vikauke, kisha mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Haimfai mjamzito, mwenye kifaa cha kuendesha moyo wala mwenye vyuma mwilini. Zipo mashine za betri, jambo linalozifaa nyumba ambazo umeme wake ni wa kubahatisha. Ila asitokee fundi wa kujiundia yake kwa betri ya pikipiki au waya wa ukutani: umeme usiodhibitiwa huunguza, na unaweza kuua.

Vidonge kama oksibutinini, vilivyoanza kama dawa ya kibofu, hupunguza jasho la mwili mzima kwa kuziba ujumbe unaotoka kwenye mishipa kwenda kwenye tezi. Daktari huanza na dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 2.5, na kuipandisha taratibu. Mdomo hukauka, choo huwa kigumu na macho huweza kupata ukungu. Havimfai mwenye presha ya macho wala mzee ambaye mkojo wake hutoka kwa shida. Na hapa Ituri kuna onyo la ziada: anayevimeza asichimbe shimoni wala asifanye kazi ya jua kali Kasenyi kana kwamba hakuna kilichobadilika, kwa sababu mwili usiotoa jasho hauwezi kujipoza, na joto likizidi huua.

Sindano za sumu ya botulinamu, inayojulikana zaidi kwa jina la Botox, ziliidhinishwa Marekani kwa ajili ya makwapa Julai 2004. Huchomwa vipimo 50 kila kwapa, kwa vitone vingi vya ndani ya ngozi, na ukavu hudumu kati ya miezi 4 na 9 hivi. Kwenye viganja huuma sana na huweza kulegeza mshiko kwa muda, jambo zito kwa fundi cherehani au mwendesha pikipiki. Ni ghali, inataka mikono yenye ujuzi, na dawa hutunzwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8.

Hatua ya mwisho ni upasuaji. Daktari huingiza kamera ndogo kifuani na kukata au kubana mshipa wa fahamu unaopeleka amri mikononi. Viganja hukauka mara moja, mara nyingi kwa maisha yote. Gharama yake ni kwamba wengi waliofanyiwa huanza kutokwa na jasho jipya mgongoni, tumboni na mapajani, na wapo wanaojuta, kwa kuwa mshipa uliokatwa haurudi. Anayeahidiwa upasuaji huu kabla hajajaribu chupa ya usiku ameanzishwa kwenye hatua ya mwisho.

Kinachokosekana Bunia

Vipimo vya kutenganisha jasho la ugonjwa mwingine, yaani malaria, makohozi na sukari, viko ndani ya mji. Kinachokosekana zaidi ni mambo mawili: dawa ya kupaka yenye nguvu ya kutosha, na mtu wa kuitambua hali hii mgonjwa anapofungua mlango.

Dawa hiyo si ngumu kuchanganya. Mfamasia mwenye mizani na chupa safi anaweza kuyeyusha gramu 20 za kloridi ya aluminiamu na kufikisha mililita 100, mradi atumie ile ya heksahidrati, iliyokwisha kufungamana na maji. Ile kavu huchemka kwa ukali na kutoa moshi wa asidi ikiguswa na maji, ndiyo maana kazi hii haifanywi jikoni. Mfano wa kuigwa tunao katika ukanda wetu. Mjini Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kimekuwa kikiwafundisha wahudumu wa afya wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, na hapo hapo hutengenezwa mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua. Wenzetu waliamua kwamba dawa ya ngozi isiyofika dukani itengenezwe karibu na mgonjwa. Bunia ina chuo kikuu, ina hospitali kuu na ina wafamasia. Uamuzi wa namna hiyo unawezekana hapa.

Kumtambua mgonjwa ni kazi yetu sote. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, mji huu uliacha kupeana mikono na ukajifunza kunawa kwa maji ya klori kila mlangoni. Tulijifunza pia kuliogopa jasho la mwenzetu, na wakati ule ilikuwa sawa, kwa sababu virusi vile hupita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa. Jasho la mtu mzima wa afya, aliyezaliwa na viganja vinavyolowa, halimwambukizi yeyote. Hilo lisemwe waziwazi kanisani, shuleni na sokoni.

Mwalimu anaweza kumruhusu mwanafunzi awe na kitambaa chini ya mkono wakati wa mtihani bila kumdhania kuwa ameficha majibu, na kumpa karatasi nyingine ya kwanza ikilowa. Askari kwenye kizuizi anaweza kusoma kitambulisho na kuuacha mkono. Muuguzi anaweza kuongeza swali moja tu anapomsikiliza kijana mwenye haya: unatokwa na jasho kupita wenzako?

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mwenye viganja vinavyolowa aende kituo cha afya kilicho karibu naye akiwa na majibu tayari: lilianza lini, linatoka wapi, kama linakoma akilala, nani mwingine nyumbani analo, na anameza dawa gani. Majibu hayo matano yanamtosha mhudumu kujua kama ni la kupimwa au la kupakwa dawa. Kisha aanze na hatua ya chini, aipe wiki kadhaa, na asikubali kuambiwa kwamba amezaliwa hivyo na hakuna la kufanya. Amezaliwa hivyo kweli, na la kufanya lipo.